Kidato cha Kwanza na Kipaji Kinachonyamaza

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania hufanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili. Januari inayofuata yuko kidato cha kwanza, na Biolojia, Jiografia na Hisabati zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa akieleza usanisinuru bila kusita sasa hanyooshi mkono. Hajasahau jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, ila hana sentensi za kulielezea jambo hilo.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi chuo kikuu. Serikali ikaamua Kiingereza kibaki. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, waliwapima wanafunzi na kukuta Kiingereza chao hakitoshi kubeba masomo ya sekondari. Hata hivyo walishauri lugha hiyo iendelee.

Dawa iliyozoeleka ni kozi ya awali, yaani wiki kadhaa za Kiingereza kabla masomo ya kidato cha kwanza hayajaanza. Inasaidia, lakini ni fupi mno. Jim Cummins, mtaalamu wa lugha wa Kanada, alionyesha kwamba mtoto mgeni huweza mazungumzo ya kawaida katika miaka miwili hivi, ilhali lugha ya vitabuni humchukua mitano hadi saba. Na hao ni watoto waliohamia Kanada, wanaosikia Kiingereza kutwa nzima.

Shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato, nazo hupokea wanafunzi waliong'ara katika mtihani huohuo wa darasa la saba. Mtoto mwenye kipaji ambaye hakuchaguliwa huenda shule ya kata, na huko ukimya wake hudhaniwa kuwa uzito wa akili. Hakuna kosa linaloumiza kuliko hili.

Kati ya 2013 na 2016, Chuo Kikuu cha Dodoma, Taasisi ya Elimu Tanzania, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Bristol walishika njia tofauti: walianzia kwenye kitabu na kwa mwalimu wa somo. Waliandaa sura za Hisabati, Biolojia na Kiingereza za kidato cha kwanza kwa sentensi fupi, picha, na maana za istilahi kwa Kiswahili. Wanafunzi hujadili kwanza kwa Kiswahili, wakishaelewana ndipo waandike kwa Kiingereza, mara nyingi wakimalizia sentensi walizoanzishiwa. Kiswahili, ambacho shule nyingi zimekipiga marufuku hata uwanjani, kinakuwa ngazi ya kukipandia Kiingereza.

Njia hii inamtaka mwalimu wa Biolojia awe pia mwalimu wa lugha, na wengi hawakuandaliwa hivyo chuoni. Hapo ndipo Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanapofaa: walimu hukutana shuleni kwao kujadili ufundishaji wao. Kikao kimoja cha kuuliza mwanafunzi atahitaji maneno gani kwa somo la wiki ijayo kingezaa matunda kuliko semina ya mjini.

Kikwazo kilichobaki ni mtihani. Utafiti uliofanyika Zanzibar ulikuta wanafunzi walioshindwa swali la sayansi kwa Kiingereza wakilieleza vizuri walipoulizwa kwa Kiswahili. Baraza la Mitihani linaweza kuanza na mtihani wa kidato cha pili, kwa kuandika maswali yake ya sayansi kwa Kiingereza chepesi na kuambatisha istilahi za Kiswahili.