Basi la Kampala–Nairobi: nauli ni mwanzo tu wa hesabu

NTINDA, Kampala — Mfanyabiashara mdogo wa Ntinda anayefuata bidhaa Nairobi ana njia mbili za kufika. Ya kwanza ni ndege ya Entebbe, inayomfikisha kwa muda wa saa moja na kidogo. Ya pili ni basi la usiku, linalomkalisha kitini saa kumi na mbili au zaidi. Wengi hupanda basi, na sababu yao haina siri: tofauti ya nauli inatosha kuongeza mzigo.

Hata hivyo, wanaoijua njia hiyo hawahesabu safari kwa bei ya tiketi. Wanaangalia mambo matatu: karatasi walizobeba, mahali bidhaa zao zilipotengenezwa, na idadi ya siku watakazolala nje ya nyumba zao. Hayo ndiyo yanayoamua kama mtu atarudi na faida au ataiacha Busia.

Kutoka Ntinda hadi mpakani

Ntinda iko kaskazini mashariki mwa jiji, katika eneo la Nakawa. Mabasi ya kwenda Kenya hayaanzii hapo. Msafiri hushuka kwa taksi au boda hadi katikati ya jiji, zilipo ofisi za mabasi, zikiwemo za mtaa wa De Winton. Kisha basi lenyewe hurudi naye kwa barabara ya Jinja na kupita Nakawa, chini tu ya kilima alichotoka.

Ndiyo maana wenye uzoefu huuliza wakati wa kukata tiketi kama basi linaruhusiwa kuchukua abiria Nakawa au Mukono. Jibu likiwa ndiyo, mtu ameokoa nauli ya mjini na foleni ya jioni. Lakini mwenye mizigo mizito ni heri aanzie kituoni, mzigo uandikwe namba mbele ya macho yake na kipande cha risiti kibaki mkononi. Mzigo usio na namba hauna mwenyewe, na saa nane za usiku hakuna wa kumlalamikia.

Kampala hadi Nairobi ni takriban kilomita 650. Basi hupita Mukono na Lugazi, hukatiza msitu wa Mabira, kisha huvuka Nile mjini Jinja kwa daraja lililofunguliwa Oktoba 2018. Kabla ya hapo magari yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954. Baada ya Iganga na Bugiri, njia huelekea Busia au Malaba. Najjembe, ndani ya Mabira, wachuuzi hukimbilia madirishani na gonja na kuku wa kuchoma. Anayebana matumizi hubeba chakula chake kutoka nyumbani, kwa sababu vituo vya kula vya usiku havina mashindano na bei zake zinaonyesha hivyo.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano wa kukadiria, usio wa kampuni yoyote. Mama mwenye duka Ntinda ana mtaji wa shilingi 3,000,000 za Uganda na anatarajia faida ya asilimia 15, yaani shilingi 450,000. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, boda na wapagazi vimgharimu 250,000. Amebakiwa na 200,000. Akilala gesti Nairobi usiku mara mbili kwa shilingi 60,000 kila usiku, faida imeshuka hadi 80,000. Akikutana na ushuru ambao hakuupangia, safari imekula mtaji.

Kwa hiyo wengi huondoka jioni, hufika asubuhi, hununua mchana kutwa na kupanda basi la kurudi jioni ileile. Usiku mara mbili kitini, hakuna gesti. Mpango huo unawezekana tu ikiwa bei zimeulizwa kwa simu kabla ya kuondoka na duka la kwenda linajulikana. Anayefika River Road asubuhi na kuanza kutafuta, jua litamzamia akiwa bado anauliza.

Akiba hiyo nayo ina bei yake. Mtu aliyekosa usingizi siku mbili huhesabu vibaya fedha, husahau mzigo na huwa rahisi kuibiwa. Wenye kujua hugawa fedha sehemu tatu au nne, hutuma kiasi kikubwa kwa njia ya simu au benki, na hawapokei chakula wala kinywaji kutoka kwa jirani wa kiti wasiyemfahamu.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba basi hilohilo linakwenda na kurudi. Anayeondoka Kampala mikono mitupu ametumia nusu ya safari bure. Karanga, simsim au asali ya Uganda ikipata mnunuzi Nairobi inaweza kulipa nauli ya kwenda, alimradi kanuni za ubora na afya zimefuatwa.

Usiku wa manane Busia

Mpaka wa Busia una historia inayowahusu moja kwa moja wasafiri maskini. Neno bodaboda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapo, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita kwa Kiingereza “mpaka hadi mpaka”.

Siku hizi mambo yamerahisishwa. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa na Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta Februari 2018. Abiria hugongewa kutoka na kuingia katika jengo moja, la upande anaokwenda, badala ya kupanga foleni mara mbili. Tangu mwaka 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kwa Mganda hiyo ni Ndaga Muntu. Kabla ya kulipa nauli atazame tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa juu yake, maana kadi iliyoisha muda haina msaada saa sita za usiku.

Kwa mizigo, kanuni muhimu kuliko zote kwa mfanyabiashara mdogo ni utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye shehena isiyozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, yenye bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, hupata cheti rahisi cha uasili kutoka kwa ofisa wa forodha papo hapo mpakani. Cheti hicho humwondolea ushuru wa forodha, na hahitaji kumlipa wakala.

Hapa ndipo wengi huumia. Kinachoangaliwa ni bidhaa ilipotengenezwa, haijalishi ilinunuliwa wapi. Sufuria na majiko yanayofuliwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, ni bidhaa za Kenya, na yakiwa katika orodha yanafaidika na cheti. Nguo na viatu vilivyonunuliwa Eastleigh lakini vikatoka China au Uturuki havifaidiki. Mitumba ya Gikomba vilevile haifaidiki, ingawa imefunguliwa na kupangwa Kenya. Mabelo mawili yanaweza kulala juu ya basi moja, moja likapita na jingine likadaiwa ushuru, na ofisa akawa sahihi kwa yote mawili.

Cheti nacho hakifuti kila kitu. Kodi za ndani, kama kodi ya ongezeko la thamani, zinaweza kudaiwa pale zinapohusika. Vibali vya afya ya mimea, mifugo na viwango bado vinahitajika. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti mapya. Aliyekuwa njiani siku hiyo alikuta kanuni imebadilika kabla hajafika.

Wapo wanaoona mlolongo huu ni mrefu na kuchagua njia za panya. Akiba yao ni ya siku moja. Mzigo ukikamatwa hakuna risiti ya kuonyesha wala mahali pa kukata rufaa, na basi halimsubiri mtu aliyezuiliwa. Anayelipa kihalali adai risiti kwa kila shilingi, kwa sababu ndiyo itakayomtetea kwenye vizuizi vya barabarani hadi nyumbani.

Vitu vidogo vinavyogharimu

Kaveera ya kufungia bidhaa ni kitu cha kawaida Kampala. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na Rwanda ilitangulia tangu 2008. Msafiri afungashe kwa magunia, vikapu au mifuko ya kitambaa tangu Ntinda, badala ya kulazimika kupanga upya vitu vyake mbele ya ofisa.

Kadi ya njano nazo ni mbili, na zisichanganywe. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho abiria anabeba mwenyewe. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari linalovuka mipaka, ambayo hulinda watu wengine wanaoweza kuumizwa na gari hilo katika nchi ya ugenini. Abiria ana haki ya kuuliza kama basi analolipanda linayo.

Wanaoelekea kwingine wabadilishe hesabu zao. Anayekwenda Tanzania kwa mpaka wa Mutukula abebe pasipoti au hati ya kusafiria na cheti cha chanjo. Kampala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,500, hivyo usiku mmoja hautoshi, hata baada ya Tanzania kuruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023. Anayekwenda Kigali au Juba akumbuke kwamba saa za huko ziko nyuma kwa saa moja. Tiketi ya kurudi iliyokatwa Juba inafuata saa ya Juba, hata kama simu bado inaonyesha ya Kampala.

Basi likikosekana

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa Afrika Mashariki haki ya kuvuka. Haimhakikishii chombo cha kumvusha. Mabasi ya kimataifa ni biashara ya watu binafsi, na biashara hufa. Akamba ya Kenya na Scandinavia ya Tanzania, majina yaliyokuwa yakijulikana katika kila kituo cha ukanda huu, hayapo tena barabarani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa UTC, kampuni ya umma iliyokuwa ikisafirisha Waganda.

Mipaka nayo hufungwa. Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna, unaoitwa Katuna upande wa Uganda, Februari 2019, na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Machi 2020 Uganda ilizuia abiria mipakani kwa sababu ya korona, huku malori ya mizigo yakiruhusiwa kupita. Mwenye kontena aliendelea kufanya biashara. Mwenye mabelo mawili juu ya basi alikaa nyumbani.

Hata nchi tajiri zimeonja hali hiyo. Katika nyanda za Kanada, mahali ambapo mji na mji hutenganishwa na mashamba ya ngano kwa mwendo wa saa nyingi, jimbo la Saskatchewan lilikuwa na kampuni yake ya mabasi tangu 1946. Serikali ya jimbo iliifunga Mei 2017 kwa maelezo kwamba abiria wamepungua na ruzuku imekuwa kubwa. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba, kampuni ya Greyhound iliondoa mabasi yake karibu yote magharibi mwa nchi hiyo, na mwaka 2021 ikaacha kabisa kusafirisha abiria ndani ya Kanada. Waliobaki bila usafiri ni wasio na magari: wazee, wanafunzi, wagonjwa wa kwenda hospitali za mijini. Vifurushi vilivyokuwa vikisafiri chini ya viti vyao, vikiwemo vya dawa, vilikosa njia ya bei nafuu.

Huku kwetu bado abiria wapo na mabasi yanajaa. Lakini mfanyabiashara anayetegemea kampuni moja na mpaka mmoja ameweka duka lake lote mikononi mwa watu asiowajua. Wanaojihami hufanya mambo ya kawaida: wanaijua njia ya Busia na ya Malaba pia, wana namba za simu za kampuni mbili, na wakiwa watano au sita hukodi lori dogo kwa pamoja pale mizigo inapozidi nafasi ya basi. Wengine hujiunga na vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, ambako habari za kanuni mpya hufika kabla ya basi kuondoka.

Kwa anayepanga kusafiri wiki hii, kazi ya kwanza ianzie hapahapa Ntinda. Apige simu mpakani au kwa mwenzake aliyevuka jana, aulize orodha ya bidhaa zinazopata cheti, kisha aamue anunue nini. Tiketi inaweza kukatwa baada ya hapo.