Miezi nane ya kujenga, siku moja ya kujua

Wenzangu wa promosheni, na ninyi mungali ku masomo, leo ninaandika juu ya kosa letu wenyewe.

Tulipomaliza licence ya agronomia, sisi watu wane tulianza mradi hapa Mudaka, kwenye barabara ya Bukavu kuenda Kavumu. Bamama wananunua maharagi na mboga katika soko letu na kuuzisha mjini, lakini bei ya Bukavu hawaijui mpaka wafike kule. Tukasema: tuwatengenezee programu ya simu. Tulichanga feza. Ili mimi nipate sehemu yangu, mama yangu aliuza mbuzi wawili.

Kijana anayeandika programu alituuliza tunataka nini. Tulijaza karatasi kumi na mbili! Bei, ramani, hali ya hewa, kulipa kwa simu, hata fasi ya kuongelea. Alitumika miezi nane. Siku tuliyoipeleka sokoni, mama mmoja wa maharagi alitazama simu yangu, akauliza: «Sasa mutoto wangu, mimi mwenye simu ya tochi nitaona wapi?» Kweli, simu yake haikuwa na intaneti. Za wengi wa wenzake vilevile. Katika miezi nane hatukuwa tumemuuliza hata mmoja.

Nyuma ya aibu ile nikaanza kusoma. Mwezi wa pili 2001, waandishi wa programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tangazo fupi waliloliita la Agile. Walichoka na miradi kama wetu: karatasi nyingi, miezi mingi, halafu kitu ambacho mteja hakihitaji. Tangazo halisemi kwamba mpango ni mubaya. Linasema kitu kinachotumika kina bei kuliko karatasi ndefu, na kujibu mabadiliko kuna bei kuliko kung'ang'ania mpango. Kwa matendo, unafanya kazi kwa vipande vifupi, wiki moja mpaka nne, na mwisho wa kila kipande mteja anashika kitu kwa mikono yake. Kipande kinachofuata kinachaguliwa kutokana na alichokisema.

Lean ni ndugu yake mukubwa, iliyozaliwa kwa Toyota, Japani. Taiichi Ohno alihesabu aina saba za hasara kiwandani; kati yake kuna kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, na stoki inayolala. Mary na Tom Poppendieck walileta mawazo hayo kwenye programu kwa kitabu chao cha 2003. Ramani yetu na hali yetu ya hewa ilikuwa stoki inayolala, tena tumeilipia.

Mfano muzuri uko ndani ya simu yako. M-Pesa ilijaribiwa Kenya kuanzia 2005 kwa kundi dogo la watu, na kusudi lilikuwa kurudisha mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia namna yao: kutumiana pesa. Wenye mradi wangeweza kulazimisha mpango wao wa kwanza. Walifuata watu, na mwezi wa tatu 2007 Safaricom ikaitoa ikiwa na ujumbe mwepesi: tuma pesa nyumbani. Vodacom iliileta kwetu Congo 2012.

Kinachoniuma ni kwamba sisi agronome tulikuwa tunajua hayo. Mbegu mpya haitawanywi kilima kizima. Inapandwa kwanza katika vipande vidogo, inarudiliwa, inapimwa. Hata kazi yangu ya mwisho ilikuwa hivyo. Lakini mbele ya simu tulisahau masomo yote.

Basi tukaanza upya, bila programu. Zao moja, maharagi. Bamama watano. Kila asubuhi saa kumi na mbili tulipigia mtu katika soko la Kadutu, halafu tukatuma bei kwa mesaji ya kawaida. Siku ya tatu wakatuambia saa hiyo wamekwisha kununua, tukahamia jioni. Wiki ya pili ndipo walifungua roho: bei inawasumbua, ndiyo, lakini zaidi ni kungoja gari lijae, huku nyanya zinaharibika juani. Kungoja, ile hasara ya Ohno! Sasa jioni tunakusanya majina na mizigo, gari linaondoka asubuhi likiwa limejaa, na kila mama analipa kidogo juu ya mpango huo. Kazi zetu ziko kwenye karatasi ukutani, safu tatu: ya kufanya, inafanyika, imeisha. Safu ya katikati haipiti kazi mbili, juu tulikuwa wepesi wa kuanza na wazito wa kumaliza.

Lakini musifanye Agile iwe jina la kutokuwa na mpango. Kahawa inangojewa karibu miaka mitatu kabla ya kuvuna. Huwezi kuing'oa kila wiki mbili eti unajibu mabadiliko. Jaribu kidogo pale ambapo kukosea ni bei rahisi, na panga kwa makini pale ambapo kurudi nyuma haiwezekani.

Yule kijana tunataka kumuita tena, kwa kitu kimoja tu: orodha ya mizigo inayofanya kazi hata kwa simu ya tochi. Tumempa wiki mbili, na bamama watano ndio watakaosema kama inafaa. Mbuzi mmoja wa mama nimesharudisha. Wa pili bado.