Kocha Mpya na Hesabu ya Bahati

Tarehe 21 Aprili 2007, watu 92,138 walifurika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, kutazama mechi ya mazoezi tu ya kandanda ya Kimarekani. Walikuja kumlaki kocha mkuu mpya, Nick Saban. Mwezi Novemba timu ilifungwa nyumbani 21 kwa 14 na Louisiana-Monroe, chuo kidogo, na shangwe ikageuka manung'uniko. Msimu ulikwisha kwa kushinda mechi 7 na kushindwa 6.

Je, mechi hizo zilipima uwezo wa kocha? Mwanafunzi na arushe sarafu mara 12, idadi ya mechi za msimu wa kawaida. Takriban mara moja katika kila majaribio 5, kichwa kitatokea mara 8 au zaidi, ingawa sarafu haina upendeleo. Vivyo hivyo timu ya wastani yaweza kushinda mechi 8, kocha akasifiwa, au 4 tu, akazomewa. Bahati hapa ni majeraha, mvua na mdundo wa mpira wenye umbo la yai.

Saban alitwaa ubingwa wa taifa katika msimu wa 2009, na hadi alipostaafu Januari 2024 alikuwa ameutwaa mara 6 akiwa Alabama. Mrithi wake, Kalen DeBoer, alianza kulaumiwa mwaka huohuo, timu ilipofungwa 40 kwa 35 na Vanderbilt.