Ndiyo na Hapana Katika Hesabu ya Kaya

Karani wa takwimu apitapo nyumba kwa nyumba, iwe kijijini au katika kambi ya askari, huuliza chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya kila familia. Jibu huandikwa kwa namba: bomba ni 1, kisima ni 2, chemchemi ni 3 na mto ni 4.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Namba hizo ni majina tu, mithili ya namba iliyoshonwa katika fulana ya mchezaji mpira. Familia moja ikinywa maji ya bomba na ya pili ya chemchemi, wastani wa 1 na 3 ni 2, yaani kisima. Kumbe hakuna hata moja inayochota kisimani! Mradi wa maji ukiegemea hesabu ya namna hiyo, fedha za umma zitakwenda kusiko na haja.

Dawa yake ni nyepesi. Kila chanzo hupewa safu yake: familia inayokitumia huandikiwa 1, isiyokitumia 0. Safu ya mto ikijumlishwa, hupatikana idadi ya familia zinazotegemea mto. Zikiwa 3 kati ya 10, wastani ni 0.3, yaani asilimia 30. Na jibu hilo lina maana.

Wataalamu watakapo kulinganisha vyanzo, kwa mfano kuhusu kuhara kwa watoto, safu moja huachwa iwe msingi wa ulinganisho. Penye vyanzo vinne, safu tatu zatosha, kwani familia yenye 0 kote ni ya chanzo cha nne. Aidha, asiyejibu asiandikiwe 0. Kunyamaza si kukana.

Mwaka 2001 wachumi Deon Filmer na Lant Pritchett walichapisha uchunguzi uliotumia njia hii kuhusu India. Majibu juu ya maji, vyoo na vyombo vya nyumbani yaligeuzwa kuwa ndiyo au hapana, yakapima hali ya maisha ya kaya na kulinganishwa na uandikishaji wa watoto shuleni, pasipo kuuliza matumizi ya fedha.

Basi mama wa nyumba aulizwapo, na ataje chanzo chake halisi bila haya. Familia inayochota mtoni ikijiandikisha kwa bomba, safu ya mto hupungukiwa na moja, na haja ya familia hiyo haitaonekana katika hesabu.