Nambari ya Miwani Haitoki kwa Mashine Peke Yake

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Likoni, riziki ikanileta Kinanie huku Machakos. Nilipopita miaka 40, uzi ulianza kukataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikafanya tunavyofanya wengi: nikanunua miwani kwa mchuuzi. Kusoma nilisoma, lakini kila jioni kichwa kiliuma.

Sababu niliijua nilipokwenda kupimwa Athi River. Miwani ya mchuuzi ina nguvu sawa pande zote mbili, na macho yangu si sawa. La kushoto, sehemu ya mbele haikuviringa kama mpira bali kama ubavu wa yai, kwa hivyo mwanga haukusanyiki pahali pamoja. Dawa yake ni lenzi ya silinda, nayo huwekwa kwa pembe yake maalumu, kati ya digrii 1 na 180. Ikiwekwa upande, hata nambari iwe sahihi, utaona vibaya.

Kwanza niliweka kidevu kwenye mashine, nikatazama picha ya nyumba. Baada ya sekunde chache ikatoa nambari. Nikadhani tumemaliza, kumbe hayo ni makisio ya kuanzia tu. Nikavalishwa fremu ya majaribio, jicho moja likafunikwa, nikasomeshwa herufi za mita 6. “Ya kwanza au ya pili?” Hapo lenzi hubadilishwa kwa robo ya diopta, 0.25.

Mimi, kwa haya, nikawa nabahatisha herufi. Daktari akanikatiza: “Huu si mtihani, mzee. Ukibahatisha nitakuandikia miwani ya mtu mwengine. Zikiwa sawa, sema ni sawa.” Kumbe hilo jibu la “ni sawa” ndilo linalomwonyesha kuwa amefika.

Kisha akaniuliza kazi yangu, akashika kadi umbali wa sindano yangu, si wa kitabu. Akapima pia presha ya macho, ambayo huharibu jicho bila kuuma. Mchuuzi hana kipimo hicho.

Akaniuliza na sukari. Nikamkumbuka mama yangu mdogo kule Likoni, aliyetengeneza miwani sukari ikiwa juu; iliposhuka, miwani ikawa haimfai tena. Sukari ikipanda, lenzi ya ndani ya jicho huvimba na nambari hubadilika. Nimempigia simu: asilipie nyengine mpaka sukari itulie kwa wiki kadhaa.