Kadi ya bima ikikataliwa, mgonjwa akimbilie wapi?

Leo tuongee habari ya kadi ya bima.

Machi 2024 mjomba wangu, mwalimu huku Kilwa, alipanda basi na mke wake kwenda Dar kutibiwa macho. Mapokezini wakaambiwa: kadi ya NHIF kwa sasa hatupokei, lipeni keshi. Hela hiyo hawakuwa nayo. Wakageuza, wakashuka Nangurukuru usiku, macho yaleyale. Na mshahara wa mjomba ulikatwa mwezi huo kama kawaida!

Sasa vijiweni watu wanauliza: kwa nini madaktari wasilazimishwe tu kupokea kadi ya serikali? Kabla hujajibu, elewa mambo yanavyokwenda.

NHIF ilianza 2001 na watumishi wa serikali. Mtumishi anakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3. Ukiugua, hospitali inakutibu kwanza, halafu inapeleka madai, Mfuko unalipa kwa bei za kwenye orodha yake, wenyewe wanaiita kitita. Hospitali binafsi inaingia humo kwa mkataba.

Machi 1, 2024 kitita kipya kikaanza kutumika. Hospitali binafsi zikadai baadhi ya bei hazifikii gharama, na nyingine zikasitisha huduma kwa wenye kadi. Mfuko nao lazima ulinde michango isiishe. Kila upande una hoja, ila aliyeumia ni mgonjwa.

Msidhani ni Bongo tu. Kenya walibadilisha NHIF yao kuwa SHA Oktoba 2024. Februari 2025 hospitali binafsi zikatangaza kudai keshi, zikilalamikia madeni.

Mimi naona hivi: ukimlazimisha daktari bila kumlipa, kadi ataipokea, halafu atakwambia dawa hakuna, kanunue duka la dawa. Umepata nini hapo?

Lakini kumwachia aamue anavyotaka nako siyo sawa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Maana yake hata mvuvi wa Kivinje anatakiwa awe na bima. Huwezi kumwambia mvuvi achangie, halafu kadi yake ikataliwe mlangoni. Ni kweli tunayo hospitali ya wilaya Kinyonga, na ya mkoa Sokoine pale Lindi. Ila kuna magonjwa lazima usafiri, na nauli hairudishwi.

Kwa hiyo sheria ibane pande zote mbili. Mfuko ulipe kwa wakati, bei zijadiliwe kabla hazijaanza. Hospitali yenye mkataba isijitoe ghafla, itoe taarifa miezi kadhaa kabla. Na dharura itibiwe kwanza, mambo ya kadi baadaye.

Naomba kuwasilisha. Wewe ulishawahi kurudishwa mapokezini? Tupe kisa hapo chini.