Kuziba Tangi la Saruji Linalovuja

Mvua ya vuli hufika Nuu, katika Kitui, mnamo Oktoba au Novemba. Basi tangi linalovuja litengenezwe Septemba, likiwa tupu.

Watu wengi hupaka lami au rangi mpya juu ya ile ya zamani. Hiyo ni kutupa fedha, kwa maana hakuna kitu kinachoshika juu ya ngozi inayobanduka. Kwanza kwangua yote kwa patasi na brashi ya waya mpaka saruji ngumu ionekane. Usiichome moto ndani ya tangi, moshi huua. Panua nyufa, osha vumbi, lowesha ukuta. Piga lipu ya kipimo 1 cha saruji na 3 vya mchanga safi wa mto. Siku hiyo hiyo, lipu ingali mbichi, paka uji mzito wa saruji tupu, ambao mafundi huuita niru.

Kazi inayowashinda wengi ni ya baadaye. Saruji ikikauka upesi hupasuka tena. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, weka maji ya kutosha kando, ijapokuwa ni wakati wa shida. Funika tangi, na uloweshe kuta asubuhi na jioni kwa wiki 3.